Gari la Daktari na Chaja Isiyo na Waya

Kabla hujafungua gari la mtu, kaa ndani yake kwanza. Usiguse bisibisi. Kaa, tazama mwenye gari anavyoingia, mkono wake unafika wapi, jicho lake linakwenda wapi. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana mnaonijia hapa nyumbani Umoja na maswali yenu ya umeme wa magari, swali lenu la kwanza huwa lile lile: "Bi Rukia, nikate waya gani?" Ngojeni kwanza. Kukata ni rahisi. Nitawasimulia kazi ya gari la Daktari Nyambura, na njiani nitapotea kidogo. Mnivumilie. Mtu aliyekaa gereji miaka thelathini na ushei ana mengi ya kupotelea.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijerumani, refu, la buluu iliyokolea mpaka ungedhani ni jeusi. Liliingia uani kwetu, nyuma ya maduka upande wa barabara ya Outer Ring, asubuhi ya Jumanne. Likapita taratibu kati ya injini zilizofunguliwa na milango ya pikapu iliyoegemezwa ukutani. Mafundi wote wakageuka. Kevo, fundi wa bodi aliyekuwa jirani yangu, akaweka nyundo chini.

"Mathe," akaninong'oneza, maana vijana wa uani ndivyo wanavyomwita mama, "hiyo ndai ni gari kali. Ukipasua hiyo mbao ya ndani, tutahama Umoja sote."

Akashuka mama wa umri kama wangu, suti ya kijivu, mkono wa kushoto ameuegemeza tumboni. Akatazama huku na huku.

"Namtafuta fundi wa waya anayeitwa Rukia."

"Karibu mama."

"Asante. Naomba umuite."

"Nimeshaitika."

Akanitazama toka juu mpaka chini. Aproni ya mafuta juu ya dera, mtandio nimeufunga nyuma ya shingo, miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeshazoea kutazamwa hivyo. Lakini yeye alipomaliza kutazama alicheka, tena akajicheka mwenyewe, akasema, "Mimi nikiingia wodini watu humuuliza nesi daktari yuko wapi. Nisamehe, dada yangu." Hapo hapo nikampenda.

Alikuwa daktari wa akina mama wajawazito, mwenye zahanati ndogo ya uzazi kule Njiru. Miaka miwili nyuma alipigwa na kiharusi. Mungu akamrudishia miguu, akamrudishia na ulimi, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito. Uliweza kubeba, haukuweza kubana kitu chembamba. Usukani wake ulikuwa umefungwa kishikio maalumu cha kuzungushia kwa mkono wa kulia, na gia zilikuwa za kujibadilisha zenyewe. Kuendesha alikuwa anaendesha vizuri. Kilichomshinda ni kebo ya simu.

"Ile ncha ndogo," akasema. "Siwezi kuiingiza. Nashika simu na huu mzima, kebo inaniponyoka na huu mwingine. Siku moja niko Kangundo Road simu ikazima. Zahanati walikuwa wananipigia, mama mmoja anavuja damu. Nikaegesha kando, nikapigana na ile kebo. Ikaangukia chini ya kiti. Dakika ishirini, Bi Rukia. Nilipofika, wakunga wangu walikuwa wameshaokoa mtu, Mungu awabariki. Lakini nilimwona yule mama macho yake yanavyonitazama. Sijayasahau."

Kisha akaniambia jambo lililokuwa nyuma ya yote. Wanawe walitaka auze gari, afunge zahanati, akae nyumbani. Walisema kwa mapenzi, hakuwalaumu. Aliwaomba mwezi mmoja.

"Sitaki miujiza. Nataka kuiweka simu chini kwa mkono mmoja, basi, ianze kuchaji yenyewe."

Alikuwa ameshahangaika. Kule kwenye kampuni inayohudumia magari ya aina hiyo, mkuu wa karakana yao, Injinia Barasa, alimwambia kwa adabu kwamba gari lake lilitengenezwa kabla ya chaja zisizo na waya, kwa hiyo haiwezekani, labda anunue jipya. Akaenda kwa fundi mwingine mjini, huyo akambandikia kisahani cha kuchajia juu ya dashibodi kwa gundi, waya unaning'inia, umeme ameuvuta mahali pasipozimika hata gari likizimwa. Asubuhi mbili mfululizo gari halikuwaka. Betri ilikuwa imenyonywa usiku kucha.

Nikamwambia, "Ingia ndani, ukae kama unavyokaa siku zote." Nami nikazunguka nikaketi upande wa pili. "Fumba macho. Umefika mahali, umesimama. Iweke simu pale mkono unapotaka, usifikirie."

Akaiweka. Nikamrudishia, nikamwambia tena. Mara tano. Mara zote tano simu ilitua mahali pamoja, mbele ya mti wa gia, juu ya kifuniko cha mbao kilichong'aa. Nikakibonyeza. Kikafunguka, ndani mna kijisanduku cha majivu ya sigara, kisafi kabisa.

"Unavuta sigara, Daktari?"

"Mimi?"

"Basi ni hapa."

Sasa hapa ndipo ninapopotea kidogo.

Mimi sikuzaliwa fundi wa waya. Baba alikuwa mtu wa Lamu aliyekuja Nairobi kuuza vitambaa, na mimi nilijua cherehani kabla ya kujua kusoma. Nilianza kazi kwenye ua ule ule nikishona viti vya magari. Unang'oa kiti, unavua nguo yake kuukuu, unaivisha mpya, unarudisha. Chini ya viti kulikuwa na waya, na kila mara nilipozigusa Mzee Gathogo alipiga kelele kutoka upande wa pili. Huyo alikuwa fundi wa waya, mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Kwa kupigiwa kelele mwaka mzima nikajikuta nimeshajua nusu ya kazi yake. Siku moja akaniuliza waya wa kahawia kwenye gari fulani unakwenda wapi, kunijaribu tu, nikamwambia. Akasogeza ndoo iliyofunikwa gunia, akasema, "Keti hapa. Cherehani utashika jioni." Watu walimcheka, eti amekosa wanaume wa kufundisha. Aliwajibu kwamba wanaume wa kufundisha alikuwa nao, ila hawakuwa wakijibu maswali.

Mwaka wangu wa pili kwake nilifanya kosa ambalo nataka mlibebe. Yalikuwa yameanza kuingia magari yenye ule mfuko wa hewa unaofumuka mtu akigonga. Mimi na taa yangu ya kujaribia umeme nikawa najaribu kila waya chini ya usukani, nikatia ncha kwenye waya wa manjano. Loo! Kishindo kama tairi la lori limepasuka. Usukani ukatema mfuko, mfuko ukanitupa nje na vumbi jeupe usoni, na Mzee Gathogo aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe akabaki na mkono wa kikombe tu. Chai yote ilikuwa kifuani pake.

Nilijua leo nafukuzwa. Yeye akajipangusa, akaniuliza kama nimeumia, kisha akasema, "Mwenye gari anakuja saa sita. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaona." Nilimwambia. Alifoka, akapoa, akaendelea kuja kwetu kwa miaka kumi. Kwa hiyo kariri: waya za manjano ziogope. Ukitaka kufungua karibu nazo, toa betri kwanza, subiri robo saa nzima umeme uliojificha uishe, ndipo uguse. Na ukiharibu, sema kabla hawajaona.

Turudi kwa Daktari.

Alinipa gari siku tatu. Ilikuwa mwezi wa saba, na nyote mnajua baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba. Plastiki ya ndani ya gari ikiwa baridi hukatika kama biskuti. Nikaliegesha juani, nikafunga vioo, nikasubiri mpaka saa sita. Kevo alidhani nimeogopa. Kitu kikipata joto, vile vibanio vya ndani hulegea. Nikatoa betri, nikakaa robo saa yangu, nikachukua vijiti vyangu vya mwanzi nilivyochonga na kusugua kwa msasa. Bisibisi ya chuma usiipeleke karibu na mbao ya gari kama hilo. Unachomeka kijiti, unasikiliza. Kibanio kinachokubali kinalia *tap*. Kinachokataa kinanung'unika. Kikinung'unika, acha, tafuta skrubu uliyoisahau. Mimi nilikuta moja imefichwa chini ya zulia dogo la kuwekea sarafu.

Mbao ikatoka nzima. Uani wakapiga makofi. Nikawaambia makofi ni mapema.

Chaja isiyo na waya ni jambo la kushangaza kidogo tu. Ndani yake mna waya wa shaba uliozungushwa kama mkeka, na ndani ya simu mna mwingine. Umeme unaruka toka mkeka huu kwenda ule, lakini hauruki mbali. Nikapima kwa karatasi za daftari. Niliweka karatasi kati ya chaja na simu yangu, nikaongeza, nikaongeza, mpaka simu ikaacha kuitika. Nikajua unene wangu wa mwisho. Ngozi nitakayofunikia lazima iwe chini ya hapo, nikaikwangua nyuma kwa kisu cha viatu hadi ikawa laini kama sikio la mbuzi mchanga.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Niliiweka chaja ndani ya kile kijisanduku, simu ikaitika, tukashangilia. Baada ya muda simu ikazima kuchaji. Nikaigusa, ya moto. Kevo akasema, "Wacha nijaribu yangu," akaitia. Yake ina kile kipete cha chuma nyuma cha kushikia kwa kidole. Hakungoja sana. Aliichukua kwa kipete, akairusha hewani, akaanza kupuliza vidole huku akinilaumu. Tulicheka, lakini kipete chake ndicho kilinifumbua macho. Chuma! Mkeka wa shaba ukikuta chuma karibu, nguvu yake yote inakwenda kukipasha moto. Nikageuza kijisanduku, nikakikwaruza rangi chini. Sakafu yake ilikuwa bati.

Nikalitoa lile bati. Nikachonga sakafu nyingine kwa ubao mwembamba, nikatoboa matundu ya kupitisha hewa, nikainua chaja kidogo ili chini yake pawe na nafasi. Juu nikavisha ngozi nyeusi. Kando kando nikaweka ukingo wa mpira ili simu isiteleze kwenye matuta. Na hapo cherehani yangu ikapata siku yake. Nilikwenda nikatazama mshono wa viti vya gari lile kwa kioo cha kukuzia, nikahesabu matundu, nikapata uzi wa kijivu uliofanana, nikashona kwa mkono, tundu kwa tundu, kama walivyoshona huko kiwandani kwao. Nilipomaliza nilimwita Kevo, nikamwambia anionyeshe nilipogusa. Akainama, akatoka, akaingia tena.

"Mathe, hapa hukufanya kitu."

"Bonyeza kifuniko."

Akabonyeza. Akaita wengine waje kuona.

Umeme niliuvuta kwenye fyuzi ya soketi ya kuwashia sigara, maana hiyo huzimika gari likilala. Nilifunga milango, nikanywa chai, nikarudi na mita, nikakuta imezimika kweli. Betri haitanyonywa. Nikaridhika. Kumbukeni hapo niliporidhika.

Daktari alikuja Ijumaa. Nikaliwasha gari, nikakiacha kifuniko wazi, nikamwambia aingie. Akaketi, akashika simu kwa mkono wa kulia, akaiachia pale mbele ya mti wa gia bila kutazama. Ikalia *ting*, taa yake ikawaka. Akaiinua. Akaiweka tena. *Ting*. Alirudia kama mtoto na kengele ya baiskeli. Kisha akaujaribu ule mkono wa kushoto. Uliibeba simu polepole, ukaiachia. *Ting*.

"Umefanya kazi," akasema. Sikujua kama anasema mimi au mkono. Aliondoka anapiga honi.

Kesho yake saa nne asubuhi simu yangu ikaita.

"Bi Rukia, gari limekataa kuwaka. Nimesimama hapa dukani Umoja kununua maji, dakika tano hivi. Nikirudi linasema ufunguo haupo. Na ufunguo ninao, uko kwenye mkoba!"

Gari lile halikuwa la kuchomeka ufunguo. Unabaki na ufunguo mkobani, gari linautafuta lenyewe kwa mawimbi, likiuona unabonyeza kitufe. Sasa halikuuona.

"Asubuhi nyumbani liliwaka?"

"Liliwaka vizuri."

Nikafikiri. Ni nini kipo dukani ambacho hakikuwapo nyumbani?

"Daktari, unaniongelesha na simu umeishika?"

"Hapana, nimeiweka spika. Iko pale pale mahali pake, inachaji."

"Inachaji? Na umezima gari?"

"Ndiyo. Taa inawaka."

Nikajipiga paji la uso mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. "Iinue. Iweke mapajani. Sasa bonyeza."

Nikasikia injini ikinguruma ndani ya sikio langu.

Nilijua kosa langu kabla hajafika. Ile soketi ilizimika, kweli, lakini haikuzimika hapo hapo. Gari lile, ukilizima, soketi yake hukaa na umeme karibu nusu saa. Mimi nilikwenda kunywa chai ndipo nikapima. Sikuzima na kuwasha palepale, kama anavyofanya mtu wa kawaida anayesimama dukani. Kwa hiyo chaja ilikuwa bado inapiga mawimbi yake, na antena inayotafuta ufunguo iko chini ya mti wa gia, jirani kabisa. Mawimbi ya chaja yakaifunika sauti ya ufunguo.

Alipoingia uani sikungoja aulize. Nilimwendea dirishani.

"Daktari, kosa ni langu. Nilipima vibaya." Nikamweleza yote, na kwamba kwa sasa itabidi ainue simu kwanza ndipo awashe.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Bi Rukia," akasema, "nilikuomba kitu cha mkono mmoja. Hiki sasa kinataka niweke, nitoe, niwashe, nirudishe. Jumatatu wanangu wanakuja. Kama ni hivi, watakuwa na haki."

Mafundi wengine walinishauri nimwambie tu azoee kuiinua simu. Kitu kidogo, walisema. Mtu mwenye mikono miwili ndiye anayesema ni kidogo.

Nikachukua ndoo nikaketi kando ya gari, mlango wazi, nikaacha kufanya chochote. Nilichotaka ni chaja isiyokuwa macho wakati gari linatafuta ufunguo. Likishaupata na injini ikashika, gari haliutafuti tena, chaja ipige mawimbi itakavyo. Injini ikizimwa, chaja ife papo hapo, isingoje nusu saa. Basi nilihitaji mlinda mlango. Kuna kile kiswichi kidogo cha sumaku tunachokiita rilei. Hakipitishi umeme mpaka waya mwingine ukiamuru. Nikaanza kutafuta fyuzi ambayo ina umeme injini ikiwa inazunguka tu, na inakufa sekunde ile ile injini inapozimwa. Nilipima moja baada ya nyingine, Daktari mwenyewe akiniwashia na kunizimia kutoka kwenye kiti. "Washa. Zima. Washa. Zima." Tulikuwa kama watu wawili wanaoimba.

Fyuzi ya kumi na saba, mita ikaanguka sifuri mara tu alipozima. Nikamwambia arudie mara tatu zaidi. Mara zote sifuri.

Nikafunga rilei pale, nikaifunga kwa tepu ya kitambaa isije ikagonga ndani na kupiga kelele barabarani. Kisha safari hii nikafanya jaribio la kweli. Nikamwambia Daktari, "Twende." Tukaenda mpaka dukani, tukazima, simu iko kwenye chaja, mkoba uko kitini. Tukahesabu hadi kumi. Akabonyeza. Likawaka. Tukaenda kituo cha petroli, tukazima, likawaka. Tukafika Dandora, tukazima mbele ya duka la mahamri, tukanunua, tukala humo humo ndani, makombo kwenye viti vya ngozi na hakuna aliyejali. Likawaka. Tulisimama mahali kumi na mbili Jumamosi ile. Mwishowe aliligeuza gari kuelekea Njiru bila kuniuliza, akaegesha mbele ya zahanati yake, akanitambulisha kwa wakunga: "Huyu ndiye fundi wangu." Nami nilikuwa na aproni ya mafuta, nikapewa kiti cha mgeni.

Jumatatu wanawe walikuja. Aliwaweka garini mmoja baada ya mwingine, akawapeleka kuzunguka, hakuwaeleza kitu. Alinihadithia kwamba binti yake mkubwa ndiye aliyeona simu inachaji bila waya, akauliza, "Mama, gari hili lilikuwa na hii tangu zamani?" Zahanati haikufungwa. Wiki ya tatu walimpigia akiwa Kangundo Road, mama amebanwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Aliongea na wakunga njia nzima, akiwaelekeza, simu imelala pale inakula chaji, mkono wake mmoja uko usukanini. Alifika, mtoto akazaliwa anapiga kelele. Alinipigia nisikie zile kelele.

Sasa sikieni yaliyofuata.

Gari likaenda kwenye ile kampuni kwa huduma ya kawaida. Baada ya siku mbili mtu akaingia uani kwetu kwa miguu, shati jeupe, kalamu mfukoni. Kevo akamwuliza, "Niaje buda, umepotea?" Akasema anamtafuta fundi Rukia. Mafundi wote wakaninyooshea kidole kwa pamoja, kwa kiburi, kama walinizaa wao.

"Mimi naitwa Barasa," akasema. "Mama, nimelifungua gari la Daktari Nyambura. Vijana wangu walibishana asubuhi nzima kama chaja ile ililetwa na kiwanda. Mimi nilimwambia mteja haiwezekani. Nimekuja kuona aliyefanya."

Nikamsogezea ndoo. Akaitazama suruali yake, kisha akaketi. Aliuliza kuhusu ufunguo, maana wao walijaribu kwenye gari la maonyesho na wakashindwa hapo hapo niliposhindwa mimi. Kevo nyuma yake alikuwa ananikonyeza nisiseme, siri ya biashara. Nilifikiria. Kisha nikamkumbuka Mzee Gathogo, marehemu, ambaye hakunificha hata waya mmoja.

"Sitakwambia," nikasema.

Uso ukamwanguka.

"Nitakuonyesha. Lete hilo gari lenu hapa. Lakini usimtume mtu. Uje mwenyewe, na utafungua wewe."

Alikuja Alhamisi na gari jipya kuliko la Daktari. Akavua shati jeupe, akabaki na fulana. Mtu mkubwa, na anakiogopa kibanio cha plastiki! Nikamwambia alisogeze juani kwanza. Nikamwambia atoe betri, tukakaa robo saa yetu, tukanywa chai, nikamhadithia habari za mfuko wa hewa, akacheka hadi akakohoa. Nikampa vijiti vyangu vya mwanzi. Nikamfundisha kusikiliza. Bati akalitoa yeye, fyuzi akaitafuta yeye, mimi nawasha na kuzima, "Washa. Zima." Mshono tu ndio nilioshona mimi, maana huo haufundishwi kwa siku moja.

Saa tisa alasiri aliweka simu yake. *Ting*. Akazima gari, akahesabu hadi kumi kwa sauti, akabonyeza. Likawaka. Injinia Barasa alipiga ukelele uliowatoa watu madukani, akamkumbatia Kevo, wote wawili wakapakana mafuta.

Alipojifuta mikono alichukua fomu ya kazi ya kampuni yao, yenye nembo juu. Akajaza mistari yote. Chini kabisa kulikuwa na mahali palipoandikwa *Imekaguliwa na kuidhinishwa na*. Hapo, miaka yote, aliandika jina lake mwenyewe. Safari hii akanipa kalamu.

"Mama, hapa uandike wewe."

Nilivua miwani ya machoni, nikavaa ya kichwani. Nikaandika jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, kwa herufi kubwa, mpaka mstari ukaisha.